Kutoka Uhandisi Kwenda Uhasibu: Tukae Kwanza Tuhesabu Gharama



Katika vikundi vyetu vya kina mama limeanza kuletwa swali ambalo zamani halikuwepo. Wakati ule shida ilikuwa kumpata binti wa kusoma uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na kwa miaka mingi binti aliyeingia darasani humo alitazamwa kama kioja. Leo wapo. Wanasimamia barabara, visima, nguzo za umeme na mitambo ya viwandani. Lakini baadhi yao, wakiwa na miaka 30 au 35, wanakuja kwetu taratibu baada ya kipindi na kusema, "Mama, nataka kuacha uhandisi nisomee uhasibu. Je, ni dhambi? Je, ni ujinga?"

Dhambi si dhambi. Kama ni ujinga au ni hekima, hilo lategemea jinsi jambo lenyewe linavyofanywa. Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14:28-30). Alionya kwamba asiyekaa chini kwanza kupiga hesabu ataweka msingi, ashindwe kumaliza, na wapita njia wamcheke. Mfano huo wamfaa sana dada wa namna hii, kwa sababu ndani yake yumo mjenzi na yumo mhasibu. Katika makala haya tutazame jambo hili kwa utulivu, sisi tulio nyumbani pamoja na hao dada zetu.

Kwa nini wanataka kuhama

Sababu tunazozisikia si moja. Wengine wamechoka na maisha ya saiti. Mkataba wa barabara unaweza kumweka mtu mbali na nyumbani miezi 18, akilala kambini, na watoto wakimfahamu kwa sauti ya simu. Wengine wameona kwamba kazi za ujenzi huja na kuondoka: mradi ukiisha, mshahara nao umeisha. Wapo pia waliopewa kusimamia bajeti ya mradi wakagundua kwamba walichokipenda zaidi ni zile hesabu, kuliko zege na kokoto.

Sababu hii ya mwisho ndiyo yenye mizizi. Anayehama kwa kuwa anavutwa na kazi mpya atavumilia mitihani. Anayehama kwa kukimbia tu huenda akayakuta aliyoyakimbia yanamsubiri mlangoni.

Dada mmoja alitujia akiwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Tulipomsikiliza kwa saa nzima, hakusema neno hata moja juu ya uhasibu. Alisema juu ya msimamizi mmoja aliyemsumbua kwa maneno machafu mbele ya vibarua. Huyo hakuhitaji fani mpya. Alihitaji kusikilizwa, kushtaki jambo lile kwa wakubwa wa kazi, na kutafuta mwajiri mwingine. Leo bado ni mhandisi, na barua ile hakuipeleka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ninaikimbia kazi yangu, au namkimbia mtu fulani, au mahali fulani?

Tena tusidanganyane kwamba mhasibu hufunga ofisi saa kumi akarudi kupika. Hesabu nazo zina majira yake. Kodi ya mishahara inatakiwa ifike kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita, na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ina tarehe 20. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na makampuni mengi hufunga tarehe 31 Desemba, wakati wengine wanajiandaa kwa Mwaka Mpya. Wakaguzi wanapofika, mhasibu hukaa ofisini mpaka usiku. Tofauti ni kwamba usiku huo mara nyingi atarudi kulala kwake.

Je, elimu ya kwanza imepotea?

Hapa ndipo penye majonzi ya wazazi wengi, na tutawarudia. Kwanza tuangalie ukweli wa kazi zenyewe.

Uhasibu na ujenzi ni majirani wa siku nyingi. Katika 2 Wafalme sura ya 12 tunasoma jinsi mfalme Yoashi alivyotaka hekalu litengenezwe. Kuhani Yehoyada alitoboa kifuniko cha sanduku, na makuhani wakatia humo fedha zilizoletwa. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wakazihesabu, wakazifunga mifukoni, wakawakabidhi wasimamizi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi na waashi na kununua miti na mawe. Bila wale wahesabuji, nyufa za hekalu zisingezibwa.

Vilevile mwaka 1494, mjini Venice, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati. Katika sehemu moja alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika daftari zao, kila jambo likiingizwa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Hakuubuni yeye mfumo huo, lakini aliueneza, na msingi wake ndio unaotumika mpaka leo. Basi mtu wa hisabati kuingia katika daftari za fedha si jambo geni.

Tuchukue mfano wa mashine ya kuchanganyia zege iliyonunuliwa kwa Sh. 60,000,000. Inatazamiwa kufanya kazi miaka 5, kisha iuzwe kwa Sh. 10,000,000. Mhandisi huiendea na kuuliza, "Bado inazunguka vizuri?" Mhasibu huiendea na kuuliza, "Mwaka huu imetula kiasi gani?" Huchukua 60,000,000, akatoa 10,000,000, akagawa kwa 5, akapata Sh. 10,000,000 za uchakavu kila mwaka. Anayeyajua maswali yote mawili huona jambo ambalo wengine hawalioni. Mashine iliyotumika usiku na mchana huenda isifike miaka 5, na hapo faida iliyoandikwa kwenye vitabu ni kubwa kuliko ile ya kweli.

Ndivyo ilivyo pia katika malipo ya wakandarasi. Mhasibu wa kawaida huletewa hati ya malipo, akaangalia jumla na sahihi. Aliyekuwa mhandisi atauliza kama mita hizo za mtaro zingeweza kuchimbwa kwenye mwamba ule kwa wiki mbili. Mabenki, makampuni ya bima, mashirika ya maji na umeme, na ofisi za ukaguzi huhitaji macho ya namna hii.

Hata hivyo, yapo atakayojifunza upya kama mtoto. Sheria za kodi hazifanani na sheria za nguvu na uzito. Mhandisi amezoea kujiwekea akiba ya usalama, akiongeza nondo kidogo ili daraja lisianguke. Katika hesabu, kuongeza kidogo kwa ajili ya usalama ni kosa kama kupunguza. Tanzania ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwezi Julai 2004, na viwango hivyo havina budi kusomwa vikaeleweka. Wengi walioingia wakijisifu kwamba uhasibu ni kujumlisha na kutoa tu walirudishwa na mtihani wa kwanza.

Njia ya kufuata

Mwenye mamlaka juu ya taaluma hii hapa nchini ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Yafaa kufanya hivi:

1. Peleka vyeti vyako kwenye Bodi kabla ya kulipa ada popote. Bodi ndiyo itakayokuambia uanzie hatua gani na masomo gani. Usitegemee neno la rafiki au la mwenye darasa la jioni anayetafuta wanafunzi.

2. Mitihani ya Bodi hufanyika kwa awamu, zikiwemo za mwezi Mei na mwezi Novemba. Chagua masomo machache unayoyaweza kwa awamu. Kufaulu mawili ni bora kuliko kuanguka matano.

3. Kushinda mitihani peke yake hakukufanyi mhasibu kamili. Unatakiwa pia uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 3 ndipo uandikishwe kuwa CPA. Kwa hiyo panga miaka, usipange miezi.

4. Wanaopenda kusoma darasani wanavyo vyuo: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, cha mwaka 1965, vyote vya Dar es Salaam, Chuo cha Uhasibu Tanzania, chenye matawi mikoani, na Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichopo Njiro.

5. Kama umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, usiache usajili wako ufe. Anayetoka nyumba moja kwenda nyingine hachomi ile ya kwanza.

6. Kabla ya kuacha kazi, omba kwa mwajiri wako uhamishiwe kwenye makadirio ya gharama, manunuzi au usimamizi wa bajeti za miradi. Wengi wamevukia daraja hilo bila kukosa mshahara hata mwezi mmoja.

Hesabu ya nyumbani

Sasa tukae mezani na kalamu. Tuchukue mfano wa nyumba ya mume mwalimu anayepokea Sh. 900,000 kwa mwezi, na mke mhandisi anayepokea Sh. 1,800,000. Jumla ni Sh. 2,700,000. Matumizi yao ni haya: chakula 550,000, kodi ya nyumba 300,000, ada 300,000, nauli 180,000, msaidizi wa nyumbani 120,000, wazazi wa pande zote mbili 200,000, umeme, maji na gesi 130,000, na zaka 270,000. Jumla ni Sh. 2,050,000, nao hubakiwa na Sh. 650,000.

Mke akianza upya kama mhasibu msaidizi kwa Sh. 800,000, mapato ya nyumba yatashuka hadi Sh. 1,700,000. Zaka nayo itashuka hadi 170,000, na matumizi yatakuwa Sh. 1,950,000. Kila mwezi watapungukiwa Sh. 250,000. Kwa miaka miwili ni Sh. 6,000,000. Tukiongeza Sh. 2,000,000 za ada, mitihani na vitabu, gharama ya mnara huu ni Sh. 8,000,000.

Je, wanazo? Kama bado hawana, wakiweka ile akiba ya Sh. 650,000 bila kuigusa, watazipata kwa miezi 13. Basi asiache kazi leo. Aanze kusoma jioni, aweke akiba mwaka mmoja na mwezi, ndipo aandike barua. Kila nyumba iweke tarakimu zake, lakini iziweke kwenye karatasi, maana hesabu ya kichwani huficha mapengo.

Msisahau mkopo wa elimu ya juu. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na akikaa bila ajira deni bado lipo. Ulizeni pia mfuko wenu wa hifadhi ya jamii kuhusu michango ya miaka iliyopita kabla ya kubadili mwajiri. Na mkiacha kazi, acheni kwa heshima: toeni notisi inayotakiwa kisheria, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, kabidhini vifaa, na ombeni hati ya utumishi.

Mwili nao una hesabu zake

Sisi wauguzi hatuwezi kulinyamazia hili. Tunawaona kina mama wanaofanya kazi mchana, wakalea jioni na kusoma usiku mpaka saa nane. Baada ya miezi michache wanakuja kliniki na maumivu ya kichwa, na kipimo cha shinikizo la damu kinasoma 140 kwa 90 au zaidi. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi. Asiyelala hakumbuki anachosoma, kwa hiyo saa zile za usiku amezipoteza mara mbili. Afadhali kulala mapema na kuamka saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa kimya. Pima shinikizo la damu kabla ya kuanza masomo, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havikulipii deni la usingizi.

Kwa wanaotarajia mtoto lipo jambo zito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hana haki ya likizo yenye malipo. Anayebadili kazi akiwa na mimba ya miezi minne anaweza kujikuta amejifungua bila malipo. Tafadhali, ulizeni jambo hili kabla ya kusaini mkataba mpya, tena mlitaje wazi.

Na kama kinachokusukuma kuacha uhandisi ni mimba na hatari za saiti, fahamu kwamba sheria inamtaka mwajiri ampe mama mjamzito au anayenyonyesha kazi nyingine inayofaa, inapowezekana, kama ile anayoifanya ni ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mimba ni miezi tisa. Fani ni ya maisha.

Mume, wazazi na wakwe

Mama mmoja wa usharika wetu, mhandisi wa barabara, mzaliwa wa Njombe, aliweza mambo yote tuliyoyataja isipokuwa moja: kumwambia baba yake. Mzee alikuwa ameuza shamba la miti ya mbao ili binti amalize masomo. Kijijini aliitwa Baba Injinia, na jina hilo alilipenda kuliko jina lake mwenyewe.

Mumewe alimwambia, "Mke wangu, usimwandikie. Twende." Wakaenda. Mzee aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, niliuza miti yangu uwe injinia. Sasa wataka kuwa karani?"

Yule dada alipiga magoti, akamwamkia upya, akasema, "Baba, shikamoo tena. Sikuja kukuaga uhandisi. Nimekuja kukueleza nitautumia wapi." Akamweleza habari za madaraja yanayolipiwa bila kukamilika, na jinsi anayeijua kazi anavyoweza kuuzuia wizi huo akiwa upande wa fedha. Mumewe naye akatoa karatasi ya hesabu za nyumba, akasema kwamba kwa miaka miwili ile yeye atashika jiko jioni tatu kila wiki, na kwamba fedha za wazazi hazitapunguzwa.

Mzee hakukubali siku ile. Alikubali baada ya miezi miwili, kwa simu. Alisema, "Nimefikiri. Mbao haitupwi, hupigwa randa upya." Dada huyo alianguka masomo mawili katika awamu ya kwanza, akayarudia akashinda. Leo anakagua hati za malipo katika idara ya fedha ya kampuni ya ujenzi, na kijijini bado wanamwita injinia.

Tumeieleza habari hii kwa sababu tumeona ndoa zikitikiswa na uamuzi uliofanywa na mmoja. Wapo wanaume waliosikia habari za kuacha kazi siku mshahara ulipokosekana, na wapo wake waliokatazwa kusoma na waume wasiotaka hata kuiona karatasi ya hesabu. Yote mawili ni makosa. Mke asifiche, na mume asiamue bila kusikiliza. Mke mwema wa Mithali 31 huangalia shamba akalinunua, na kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu. Mumewe humwamini, wala hasomwi popote akimzuia.

Kwa wakwe na wazazi tunasema kwa heshima: fedha mliyomsomeshea mtoto haikununua cheo, ilinunua akili iliyofunzwa, na akili hiyo ataendelea kuitumia.

Jaribu la mfuko

Neno la mwisho. Mhandisi asiye mwaminifu huibia daraja. Mhasibu asiye mwaminifu huificha ile iba. Yuda alikuwa kati ya wale kumi na wawili, na ndiye aliyeshika mfuko (Yohana 12:6). Kukaa karibu na Bwana hakukumlinda yeye mwenyewe alipokuwa hataki kulindwa. Dada anayeingia katika fedha ajue kwamba siku itakuja ataambiwa aweke sahihi mahali asipopaswa, na pengine atakayemwambia ndiye aliyempa kazi. Aamue jibu lake mapema, nyumbani, pamoja na mwenzi wake, kwa maombi. Wale wasimamizi wa siku za Yoashi hawakudaiwa hata hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Sisi tudaiwe, na tuwe tayari kuitoa.

Ya kujadiliana nyumbani na katika kikundi

1. Anayetaka kubadili kazi katika familia yetu, anavutwa na nini, na anakimbia nini?
2. Je, tunayo karatasi ya mapato na matumizi ya mwezi? Kama hatuna, tutaiandika lini?
3. Nani atabeba kazi gani nyumbani wakati mama anasoma? Tajeni kazi, siku na jina.
4. Katika usharika wetu wapo wahasibu na wahandisi wanaoweza kukaa na mabinti zetu Jumamosi moja wakawaeleza kazi zao zilivyo hasa?